Kitalu cha Zena

Dar es Salaam

Dada yangu Mwamini,

Shikamoo dada, na salamu za amani kwako na kwa wote waliomo humo ndani. Mimi mdogo wako mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio si mzima, na sababu utaiona ukiendelea kusoma. Wewe hujambo? Mguu uliokuwa unavimba umetulia, au bado unasimama kutwa nzima pale sokoni Mwanga na madumu yako ya mawese? Mama macho yake yanaonaje? Shemeji kile kifua kimemwacha? Niambie yote, hata madogo, maana huku nakaa nayawaza.

Utashangaa kupata barua. Tumezoea simu, na Ijumaa iliyopita tuliongea vizuri tu, ukanisimulia mvua iliyong'oa bati la jikoni tukacheka. Lakini jambo nililo nalo nimelijaribu kwenye simu mara tatu, na mara zote tatu nimejikuta nakuuliza habari za mvua, kisha nikaaga. Ndiyo maana nimempa barua hii Mama Shabani, yule jirani yangu anayekuja Ujiji kwa treni kumtazama mamaye. Nimemwomba akukabidhi mkononi. Kaa chini usome peke yako kwanza. Mama usimsomee mpaka umefika mwisho.

Dada, kitalu cha Zena kimekufa.

Nimelitanguliza kwa sababu nikianza kuzunguka nitaogopa, nitakuandikia kurasa mbili za salamu. Kimekufa wiki ya nne sasa. Ijumaa iliyopita uliponiuliza, "Kitalu hakijambo?" nami nikakujibu, "Hakijambo, leo kimepewa chakula," nilikuwa nakudanganya. Ijumaa ya kabla yake pia nilikudanganya. Na ile ya kabla yake. Na aliyekiua ni mimi.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana nataka uyaone kama nilivyoyaona mimi.

Unaikumbuka siku ile ya upasuaji wa mwanao Zena, hapa hospitalini ninapofanya kazi. Ulikuwa umekaa kwenye benchi la koridoni, umeshika kandambili ya Zena moja, ile nyingine ilikuwa imebaki wodini. Akaja Dokta Levina, yule binti wa Kidahwe, na karatasi mkononi. Alikuamkia Kiha, "Mwakeye," ukafurahi kupata mtu wa nyumbani. Akakueleza kwamba katika uvimbe wanaoutoa kichwani mwa mtoto, wanaomba kipande kidogo wakipeleke maabara wakakioteshe.

Ukamwambia, "Mwanangu, ugonjwa mnauotesha? Si ndio tunaotaka ufe?"

Akakujibu vizuri, na mimi niliyekuwa nafanya kazi humo miaka saba ndiyo siku niliyoelewa. Alisema, "Mama, wewe ni mtu wa mawese. Kitalu cha michikichi unakijua. Miche unaitunza pembeni, ndipo unajua hii inakubali mbolea gani na ile inakataa nini. Sisi ugonjwa tunautunza pembeni, nje ya mtoto, tunaujaribu kwa dawa hii na dawa ile. Kichwani mwa mtoto huwezi kujaribujaribu."

Ukauliza, "Na kitazikwa lini?"

Nilijua unawaza nini. Kwetu kinachotoka mwilini mwa mtu hakitupwi. Kitovu cha Zena kilizikwa nyuma ya nyumba ya mama, nywele zake za kwanza zilifukiwa palepale, na jino lilipong'oka ulinipigia simu kunieleza mlipolifukia. Levina akasema kinachobaki kitateketezwa kwa heshima, ila kinachoota kitakaa, labda miaka, mradi kitunzwe. Kisha ukanitazama mimi, siyo yeye. Ukasema, "Basi akae na mjomba wake. Haruna, hii ni amana." Ukaandika jina lako.

Sanduku la barafu nililibeba mimi. Ni kazi yangu kila siku, kutoka chumba cha upasuaji kuvuka uwanja hadi maabara, na watu huwa wananipisha bila kujua nimebeba nini. Siku ile nilitembea kama nimebeba mtoto aliyelala. Levina alikuwa ananisubiri mlangoni, akaniona machozi, akasema, "Mzee wa Ujiji, lete mzigo, ukilia juu ya sanduku utaniyeyushia barafu."

Ndivyo anavyosema na mimi siku zote. Yeye Muha, mimi mtu wa Ujiji, basi ni utani asubuhi mpaka jioni. Ananiambia watu wa Ujiji kazi yetu kukaa barazani na kahawa, mimi namwambia Kidahwe mnajua muhogo tu, hata daktari wenu ananuka muhogo. Tulikuwa tunafanya kazi hivyo.

Baada ya wiki mbili akaniita. Kuna kioo cha kukuzia ambacho sisi wahudumu hatukigusi. Akaniambia, "Njoo uone." Nikasema Bismillah, nikainama. Dada, niliona vifundo vidogo vidogo vinaelea, kama mayai ya samaki mgebuka unapompasua, vingine viwili viwili, vingine mkungu mzima. Chakula chake ni maji mekundu kama juisi ya rosela. Hizo seli zikila vizuri yanageuka rangi ya chungwa, ndipo wanamwaga na kuweka mapya. Nikakupigia simu palepale nikakwambia kitalu kimeota. Ulicheka na kulia pamoja.

Sasa unajua yaliyofuata. Uvimbe ulirudi, mkaambiwa mrudi nyumbani, Zena akafia mikononi mwako Ujiji akazikwa baada ya alasiri siku ileile, na mimi treni ilikuwa imeondoka jana yake. Sikumzika Zena. Sijawahi kukwambia kwa mdomo jinsi lilivyonikaa. Mjomba wake, na udongo sikuushika. Niliingia maabara nikasimama mbele ya lile kabati la joto kinamokaa kitalu, ambalo ndani yake kuna joto la mwili wa mtu, nikamsomea Yasini hapo, kwa sababu sikuwa na kaburi.

Siku ya saba ukanipigia. Nilidhani utaniuliza kwa nini sikuja. Ukaniuliza, "Kitalu hakijambo?" Nikakujibu hakijambo. Nikakusikia unavuta pumzi. Kuanzia hapo kila Ijumaa baada ya sala ilikuwa ndiyo habari yetu. Umelala vipi, mama anakula, kitalu hakijambo. Nilijua tunachokifanya, dada, nawe nadhani ulijua, ila hakuna aliyesema.

Kisha ikaja wiki ambayo hakikuwa kizima kweli. Seli zilizubaa. Chakula kilibaki chekundu siku tatu, nne, hazili. Levina alikuwa ameandaa dawa mbili za kuzijaribu, mojawapo ilikuwa imeanza kuonyesha dalili ya kuuzuia ugonjwa, akataka kurudia ili awe na hakika. Akaniambia, "Zikifa hizi, Mzee Haruna, nimerudi nyuma mwaka mzima. Ugonjwa wa aina hii haukubali kuota kwa kila mtoto. Huyu alikubali." Ijumaa ile nilikwambia hali si nzuri sana. Ukasema, "Muombee."

Hukusema niziombee. Ulisema nimuombee.

Dada, kazi yangu mojawapo ni maji. Chini kabisa ya lile kabati kuna sinia, na ndani yake maji safi yaliyochemshwa, yanayotoa mvuke ili seli zisikauke. Kila Jumatatu namwaga, naosha sinia, najaza mapya kutoka kwenye chupa iliyofungwa. Miaka saba sijakosea hata mara moja.

Na nyumbani kwangu kabatini kulikuwa na chupa ya kombe. Ile uliyokuja nayo Zena alipokuwa wodini, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na shehe wetu wa mtaani, zikaoshwa kwa maji na marashi ya waridi. Zena alikunywa nusu akakunja uso, akasema inanuka kama harusi. Nusu ilibaki kwangu mlipoondoka. Sikuwa na moyo wa kuimwaga.

Jumatatu ile niliiweka mfukoni. Nilijaza sinia maji safi kama kawaida, kisha nikamiminia na kombe. Niliwaza hivi: maji hayagusi vichupa vya seli. Ni mvuke tu utakaopanda, na mvuke una madhara gani. Nikafunga mlango. Nilihisi moyo umetua, mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ya nne, niliangalia kupitia kioo cha mlango nikaona chakula kimegeuka rangi. Nikasema alhamdulillah kwa sauti. Nilidhani zimekula. Levina akaja mbio, akatoa kichupa, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa manjano, na si manjano safi, kimechafuka, na ndani nyuzi nyeupe kama pamba ya mto. Kuvu. Vichupa vyote. Vyote vya Zena, na vya watoto wengine wawili ambao wao bahati nzuri wana akiba nyingi.

Akasema, "Usiseme alhamdulillah, mzee. Lete mifuko ya takataka."

Vikamiminiwa dawa, vikafungwa, na kuvichemsha mpaka visibaki na kitu chochote kilicho hai ilikuwa kazi yangu. Nilisimama pale na lile sufuria kubwa la mvuke. Nikasoma inna lillahi. Sikujua kama yafaa, lakini nilisoma.

Na hata hapo, dada, sikusema. Hili ndilo linalonifanya nishindwe kula. Mkuu wetu alikagua akasema kosa ni la mikono ya Levina, kwamba amefungua kabati bila kuwa safi. Akamwondoa kwenye ile kazi. Nilimwona binti yule anasugua mikono kwenye sinki mpaka ngozi ya vidole inatoka. Siku tisa nilimtazama. Siku ya tisa akaniambia, "Labda mimi si mtu wa kazi hii. Nirudi Kidahwe nikalime huo muhogo wetu." Alikuwa ananisubiri nimjibu. Siku nyingine yoyote ningemwambia hata muhogo utamkataa. Nikashindwa. Nikamwambia, "Mwanangu, ni mimi."

Nilimweleza yote. Akaniuliza kombe ni nini, nikamweleza na hilo. Akavuta kiti akaketi.

"Yaani ulizipa dawa," akasema.

"Ndiyo."

"Ili zipone?"

"Ili ziishi."

Akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Mzee Haruna, mimi kila asubuhi kabla sijafungua lile kabati nafanya ishara ya msalaba. Lakini naifanyia nje." Hakucheka, mimi pia sikucheka. Tulikwenda kwa mkuu pamoja. Levina amerudishwa kazini kwake. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani mpaka watakaponiita, na sijui kama wataniita.

Tafadhali usidhani ni maneno ya Mungu yaliyofanya haya, wala usimlaumu shehe, wala usijilaumu kwamba chupa ilikuwa yako. Maji yale yalikuwa yamekaa kabatini kwangu miezi, yana zafarani na marashi, na kuvu huvipenda vitu hivyo. Kombe liliandikwa ili mtoto anywe. Mimi ndiye niliyelipeleka pasipo pake.

Nilikwenda kwa shehe wa msikiti wa hapa mtaani kwangu, nikitaka anipe adhabu yoyote niifanye, kufunga au lolote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza jambo moja: "Kombe hunywa mgonjwa. Wewe ulimnywesha nani?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Mpaka leo ninalo. Kwa sababu ukweli, dada, ni kwamba niliuombea ugonjwa. Ule ugonjwa uliomfanya Zena atembee akiyumba kama mtu aliyeshuka sasa hivi kwenye boti, uliomfanya atapike kila asubuhi sisi tukidhani malaria, uliomtia giza machoni. Nimeusimamia, nimeulisha, nimeupigia dua uishi. Na nilipouangalia sikuuona ugonjwa. Nilimwona yeye. Kila Ijumaa ulipouliza nilimjibia yeye. Nadhani ndiyo maana nilikosea, si ujinga tu. Mtu wa maabara asingemwaga kombe pale, na mtu aliyekwisha kumzika mtoto asingemwaga pia. Ni mimi tu.

Shehe hakunipa adhabu. Akasema, "Amana ina mwenyewe. Nenda kwake." Kwa hiyo ndio nimekuja, kwa karatasi, kwa sababu uso sina.

Sasa sikiliza, hili ndilo kubwa. Kimebaki kichupa kimoja.

Mwanzoni kabisa, zilipoota vizuri, Levina aligandisha kidogo. Kipo kwenye pipa la baridi kali, lile linalotoa moshi ukifungua. Kichupa chenyewe hakizidi ncha ya kidole. Ndani yake seli zimelala, hazili, haziongezeki, hazifi. Ni za Zena na ni za mwisho. Wanaweza kuziamsha. Huenda zikaamka zikaota tena, huenda zikafa palepale zinapopata joto, na hapo hakuna kingine popote duniani. Levina hawezi kuahidi. Nilimuuliza mara nne, mara nne akasema, "Sitakudanganya."

Amesema pia kwamba mama wa mtoto ana haki ya kuambiwa yaliyotokea, na ana haki ya kusema basi, imetosha. Atakupigia mwenyewe akuulize, lakini amekubali kunisubiri mimi nikwambie kwanza. Hatagusa kichupa mpaka useme.

Ukisema basi, nitakiomba, na nimeahidiwa nitapewa kikiwa kimeshatiwa dawa, hakina tena uhai wowote. Nitapanda treni nikilete Ujiji kwa mkono wangu. Tutamfukulia Zena udongo kidogo pembeni, tukiweke, na safari hii nitaushika udongo.

Ukisema waziamshe, mimi sitakuwepo. Nimemwambia Levina mwenyewe nisiwekwe tena karibu na lile kabati. Hutakuwa na wa kumuuliza siku ya Ijumaa, na nadhani hata kama ningekuwepo tusiulizane tena. Kama kitaota, hakitakuwa Zena, dada. Najua nakuumiza kusema hivyo. Hakikuwa Zena hata mara ya kwanza. Zena yuko pale mlipomweka.

Unaweza kuuliza mimi nataka nini. Sina haki ya kutaka, lakini wewe ni dada yangu, sitakuficha tena kitu. Siku ya mwisho kabla sijaambiwa nikae nyumbani, nilipita koridoni pale penye lile benchi. Kulikuwa na mama mmoja katoka Kasulu, na binti yake kama wa miaka mitano, anatembea kwa kushika ukuta. Mama amebeba viatu vya mtoto mkononi. Nilitaka kumwamkia nikashindwa, nikapita upande wa pili. Nataka waziamshe. Lakini wewe ndiye mama, na ukisema zizikwe, nitakuelewa mpaka naingia kaburini.

Ukiamua kutosema na mimi pia nitakuelewa. Ila usikae kimya ukadhani sitajua maana yake. Niandikie hata kama ni kunitukana. Nitukane kama ulivyonitukana utotoni nilipomwaga dumu la mama la mawese pale mlangoni, ukanifukuza mpaka Kibirizi, kisha jioni ukaniletea ugali.

Nisalimie mama, na umwambie kwa namna utakayoona yeye ataiweza. Nisalimie shemeji, baba Zena. Najua kwa mambo ya mashine za boti hana muda wa barua, lakini hili naomba mlijadili wote wawili, maana na yeye ni mwenye amana. Msalimie shangazi yetu Bi Tausi, aliyemwosha Zena, umwambie namwombea kila sala. Na shehe wetu mpe salamu tu, mengine nitamweleza mwenyewe tukionana.

Mungu akupe subira iliyonishinda mimi, na anisamehe, nawe unisamehe ukiweza.

Ni mimi mdogo wako,
Haruna

Mama Shabani atakaa Ujiji siku kumi kisha anarudi. Naomba, dada, umpe jibu aje nalo, au unipigie kabla ya hapo. Usichelewe kunijibu.